Kusota kwa hiari

Kwenye vibanda vya gemu vya Mtwara mjini, mpira ndio unaolipa umeme. Pita Magomeni au Chikongola saa za jioni, utakuta vijana wamebanana kwenye benchi, wawili wameshika pedi, waliobaki wanasubiri zamu huku wakitoa maelekezo ambayo hakuna aliyeyaomba. Mechi moja, hela moja, aliyefungwa ananyanyuka. Mwenye kibanda hana sababu ya kumvumilia mtu anayetaka kukaa na gemu moja kwa saa arobaini, akisoma maandishi, akipiga soga na wazee wa kijiji cha kubuni, akinunua upanga, akiuuza, akinunua mwingine wenye makali zaidi kidogo.

Kwa hiyo sisi tunaopenda RPG hatukukulia vibandani. Tulikulia kwenye memori kadi za kuazima, na baadaye kwenye simu. Kwa asiyejua, RPG ni gemu ambayo unabeba uhusika wa mtu fulani, unazunguka naye kwenye dunia yake, unapigana, unaongea, unachagua, na karibu kila unachofanya kinamwongezea kitu: nguvu, ujuzi, marafiki, maadui. Wepesi wa vidole hauhitajiki sana. Nyingi kati ya zile za zamani zinakusubiri uchague pigo lako kwenye orodha, hata ukienda kuteka maji ukarudi utamkuta adui amesimama pale pale.

Likizo moja nilikuwa Newala, nimekaa barazani na simu. Mjomba alinitazama muda mrefu, akavumilia, mwisho akashindwa.

"Mjomba, hicho kitu hakina mwisho?"

"Kina mwisho, mjomba. Ila ni mbali."

"Na ukifika unapewa nini?"

Ukifika hupewi kitu. Hakuna hela, hakuna kombe, hakuna wa kumtambia. Majina ya waliotengeneza gemu yanapanda kwenye kioo, muziki unapigwa, imekwisha. Hata hivyo kuna watu wanaomaliza wakaanza upya usiku ule ule, nami nimo.

Ukiwauliza wachezaji wenyewe, wengi watakujibu kuwa ni stori. Sikubaliani nao sana. Stori nyingi za RPG ukizisimulia kavu kavu zinafanana: kijana yatima, dola ovu, dunia inayotaka kuteketea, na jiwe au upanga ambao lazima upatikane kabla ya mwisho. Wasiocheza nao wana jibu lao, kwamba tunakimbia maisha. Hilo ndilo silielewi kabisa. Mtu anayekimbia maisha angechagua mahali pa kupumzika. Sisi tunachagua kazi. Tunakwenda porini kwenye gemu kupiga wadudu wale wale asubuhi hadi jioni ili mhusika apande levo moja. Kusota kule ni kwa hiari, na hakuna anayetulipa.

Ninachoamini ni kwamba utamu wa gemu hizi uko kwenye hesabu. RPG inatunza hesabu ya kila ulichofanya, inaitunza kwa uaminifu, na baada ya muda mrefu hesabu ile inabadilika inakuwa kitu kingine. Nitajaribu kueleza.

Hesabu zenyewe zina umri. Mwaka 1974 huko Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani, wa karatasi, penseli na dadu. Kila mchezaji alikuwa na karatasi ya mtu wake, na mtu huyo alikusanya pointi za uzoefu. Ukicheza leo unamkuta wa jana, ila amekomaa. Mwaka 1986 Yuji Horii na wenzake huko Japani wakatoa Dragon Quest kwa ajili ya Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo, wakaipunguza hesabu ile ikawa nyepesi hata kwa mtoto. Kuna uamuzi mmoja ndani ya gemu hiyo ambao nauheshimu mpaka leo. Ukiuawa, unaamkia mbele ya mfalme. Nusu ya hela zako zimekwenda, lakini uzoefu wako wote umebaki. Hata siku uliyoshindwa imehesabiwa.

Mtoto wa kusini anaielewa sheria hiyo haraka, labda kwa sababu hajaiona kwingine. Kwetu mkulima wa korosho anaamka alfajiri kupuliza salfa kabla upepo haujaanza, anapambana na ugonjwa wa ubwiri unga, anapalilia, anaokota, anakausha, anapeleka gunia chama cha msingi. Baada ya hapo bei inaamuliwa mnadani. Mti uleule, jasho lilelile, mwaka huu bei hii na mwakani nyingine. Msimu wa 2018 wakulima walizikataa bei za mnadani mpaka Serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Sisemi gemu ni shamba. Nasema mtu aliyekua akiona kazi ikitenganishwa na malipo yake, akikuta mahali ambapo pigo mia linaleta levo moja, na kesho pigo mia litaleta levo moja, hawezi kukosa kukaa hapo kidogo.

Lakini kama ingekuwa hesabu tupu, gemu yoyote yenye namba inayopanda ingetosha, na haitoshi. Ziko za simu za siku hizi ambazo namba zinapanda hata ukiwa umelala. Ziko za bahati nasibu, ambazo unavuta na kuvuta ukisubiri mhusika adimu atokee. Genshin Impact ya mwaka 2020 ndiyo maarufu kuliko zote, na hata yenyewe imeweka kikomo kwamba ukivuta mara 90 lazima upate wa nyota tano. Ni gemu nzuri kwa macho, sikatai. Ila mhusika aliyepatikana kwa kuvuta, hata awe na nguvu kiasi gani, huna kumbukumbu naye. Hamjatoka mbali pamoja.

Namba inapata maana pale inapokutana na mahali palipowahi kukushinda. Waliocheza Final Fantasy VII ya mwaka 1997 wanamjua Midgar Zolom, nyoka mkubwa anayeishi kwenye kinamasi mara baada ya kutoka mjini. Ukijaribu kuvuka kwa miguu anakukamata, na kwa levo uliyonayo wakati huo anakumaliza. Unalazimika kwenda kukamata ndege wa kupanda, uvuke kwa mbio. Unavuka salama, unajiona mjanja, na upande wa pili unakuta nyoka mwingine wa aina hiyo hiyo ametundikwa juu ya mti, amechomwa kutoka chini hadi juu. Aliyefanya hivyo ni Sephiroth, yule mnayemfuatilia. Hakuna mtu aliyekuja kukuhutubia kuhusu uwezo wake. Umepimishwa kwanza mwenyewe na nyoka, ndipo ukaonyeshwa. Halafu baada ya saa nyingi sana, ukiwa umesota vya kutosha, unarudi kwenye kinamasi kile kile bila sababu yoyote ya stori, kwa miguu, makusudi. Kijana wa Shangani niliyekuwa nikicheza naye alimpigia simu kaka yake aje aone. Kaka alikuja kwa baiskeli.

Nieleze kidogo tulivyokuwa tukicheza, maana ulaya wanaziita gemu za mtu mmoja, na kwetu hazikuwahi kuwa za mtu mmoja. Memori kadi ya PlayStation ya kwanza ilikuwa na nafasi 15, na kwenye kadi ya mtaa karibu zote zilikaliwa na timu za mpira. Kupata nafasi moja ya kuweka safari yako ilikuwa mazungumzo ya kidiplomasia. Halafu lugha. Anayeshika pedi hakuwa lazima ndiye anayesoma; aliyefika sekondari na Kiingereza chake kikakaa sawa alikaa pembeni akitusimulia. Akisoma aya nzima, anatupa kwa Kiswahili sentensi mbili, na zile mbili mara nyingi zilikuwa na chumvi. Wahusika wengine kwetu walikuwa na vituko ambavyo baadaye, nilipoweza kusoma mwenyewe, sikuvikuta popote. Nilivikosa.

Baadaye zikaja simu. Msimu wa korosho ukiwa mzuri, mtu anabadilisha bati, mwingine ananunua pikipiki, kijana anapata simu yenye uwezo. Programu ya PPSSPP, iliyoanza mwaka 2012, inaiwezesha simu kuendesha gemu za PSP, kile kifaa cha mkononi cha Sony, na hapo ndipo wengi wetu wa huku tulipokutana na RPG kwa dhati. Mafaili tulirushiana kwa Xender tumekaa kwenye ukuta, kwa sababu bando la kushusha kitu cha gigabaiti nzima halikuwa la mchezo. (Baldur's Gate 3 ya mwaka 2023, ambayo kila mtu anaisifia, inadai nafasi ya gigabaiti 150. Nimeitazama wenzangu wa Dar wakiicheza kwa video. Wanasema ni tamu.)

Kati ya hizo za PSP kuna mbili zilizonifundisha zaidi kuhusu jambo hili la hesabu.

Ya kwanza ni Persona 3 Portable, ya mwaka 2009. Wewe ni mwanafunzi wa sekondari huko Japani. Usiku unapanda mnara wenye mazimwi, mchana unakwenda shule, na kalenda inatembea: siku ikipita hairudi. Jioni moja unaweza kusoma, kukaa na rafiki au kwenda kwa wazee wawili wanaouza vitabu vya mitumba. Wazee hao walifiwa na mtoto wao, aliyekuwa mwalimu kwenye shule yako, na uwanjani kuna mti wa matunda unaomkumbusha. Sasa shule inataka kuukata. Kila ukiwatembelea, uhusiano unapanda daraja, na daraja hilo linakupa faida ya wazi kabisa ya pointi utakapokwenda kupigana. Mtu akisema huo ni unafiki, kumtembelea mfiwa kwa ajili ya pointi, sina la kumbishia. Ndivyo nilivyoanza. Nilihitaji nguvu hizo, nikaenda kwa wazee.

Nilikuwa nikicheza sebuleni kwa bibi, na bibi hapendi mtu akae kimya mbele yake, basi nikawa namsimulia. Mambo ya mazimwi hakuyajali. Wazee aliwajali. Kila asubuhi, kabla sijamaliza kumwamkia shikamoo, anaitikia marahaba na kuunganisha humo humo: "Mti wa yule mzee wameukata?" Namwambia bado, bibi, sijafika. "Basi nenda leo ukawaone, usiwaache peke yao." Na mimi jioni, nikiwa na kalenda imebana na mtihani wa shule ya kubuni mlangoni, nilikwenda. Daraja la wazee lilipofika juu kabisa, sikuwa tena na faida yoyote ya kupata kutoka kwao. Nikapita dukani kwao tena hata hivyo.

Hapo ndipo ninaposema hesabu inageuka. Gemu inakuvuta kwa pointi kwa sababu pointi ndiyo lugha unayoielewa unapoingia. Ukishazoea kwenda, ule mwendo wenyewe unakuwa umejenga kitu. Watafiti Richard Ryan, Scott Rigby na Andrew Przybylski waliandika mwaka 2006 kwamba gemu zinavuta watu pale zinapowapa uhuru wa kuchagua, hisia ya kuweza, na ukaribu na wengine. Sawa, nakubali. Ila wao waliyapanga matatu, na kwa uzoefu wangu kwenye RPG hayaji yakiwa matatu. Yanaingia kwa mlango mmoja, mlango wa kusota.

Ya pili ni Crisis Core, ya mwaka 2007, inayosimulia yaliyotokea kabla ya Final Fantasy VII, ile ya 1997. Unabeba uhusika wa Zack, kijana mchangamfu, mwanajeshi wa kampuni inayotawala kila kitu. Pembeni juu ya kioo kuna gurudumu tatu zinazozunguka muda wote unapopigana, zimejaa sura za watu anaowafahamu: mwalimu wake, rafiki zake, msichana anayempenda. Sura tatu zikifanana, mtu huyo anamletea Zack nguvu ya pekee. Mwanzoni nililichukia gurudumu lile. Linakatisha pigano, halitabiriki, na hata kupanda levo kunategemea saba tatu zipange mstari. Wengi wanaoisema vibaya gemu hiyo wanaanzia hapo.

Pia kuna misheni 300 za pembeni. Mia tatu. Ukiwa mtu wa kusota kweli unazimaliza zote, na ya mwisho inakukutanisha na Minerva, mungu wa kike ambaye ni mgumu kuliko adui yeyote wa stori kuu. Nilimpiga. Zack wangu alikuwa hagusiki.

Kisha stori inafika mwisho, na Zack anasimama peke yake nje ya mji mbele ya jeshi zima. Askari wa kawaida, wale ambao kwa saa nyingi ulikuwa unawafyeka kwa pigo moja. Unapigana, wanaongezeka. Gurudumu linaanza kukwama. Linataka kuleta sura ya mtu, linashindwa, sura inafifia na kuwa nyeupe, inaondoka. Halafu nyingine. Mmoja mmoja wanamtoka kichwani huku wewe bado unabonyeza, na wa mwisho kushikiliwa ni Aerith, yule msichana anayempenda. Ile mashine niliyoilalamikia kuanzia dakika ya kwanza kumbe ilikuwa moyo wake, na nilikuwa nauangalia ukizimika. Misheni 300 hazikusaidia kitu. Hazikupangwa kusaidia.

Filamu haiwezi kufanya hivyo, na riwaya inaweza kwa njia yake tu. Hapa gemu ilitumia kazi yangu mwenyewe, ile niliyoifanya kwa vidole vyangu usiku baada ya usiku, kama karatasi ya kuandikia kifo cha mtu. Na ingekuwa nimepewa Zack akiwa tayari na nguvu zote, kwa kulipia, nisingesikia chochote.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Aerith mwenyewe kwenye gemu ya 1997. Anauawa mwishoni mwa CD ya kwanza kati ya tatu. Mawe yake ya nguvu yanarudi kwenye mzigo wako, gemu inakurudishia mali. Levo zake hazirudi. Kuna watu walikuwa wamehangaika mpaka kumtafutia lile pigo lake kubwa kabla ya hapo, na lote likaenda naye. Kwa miaka mingi watoto duniani kote walivumishiana njia za kumfufua, na uvumi ulifika mpaka Mtwara: ukikusanya hiki, ukienda pale usiku, ukiwa na kile. Tulijaribu. Si kwamba tulikuwa wajinga. Gemu ilikuwa imetuzoesha kwamba jasho halipotei, na hii ilikuwa mara ya kwanza linapotea mbele ya macho yetu, kwa hiyo tulidhani ni fumbo.

Konami, kampuni nyingine ya gemu ya Japani, waliliona hilo hilo kwa upande mwingine. Kwenye Suikoden ya mwaka 1995, iliyojengwa juu ya riwaya ya kale ya Kichina, unakusanya watu 108 na kuwaleta kwenye ngome yako, kila mmoja kwa sharti lake. Ngome inajaa maduka na kelele. Njiani unampoteza Gremio, mlezi wako, mtu aliyekupikia tangu utotoni. Ukifanikiwa kuwakusanya wote 108 bila kumpoteza yeyote asiyerudi, mbele ya safari anarudishwa. Ukimkosa hata mmoja, harudi. Mtunzi wake, Yoshitaka Murayama, alifariki mwezi Februari 2024, na mwaka uliofuata gemu zake mbili za kwanza zikatolewa upya zikiwa zimesafishwa picha. Bado nabishana na binamu yangu kama kufufuka kule ni zawadi au ni kudhoofisha stori. Yeye anasema aliyekufa aachwe. Mimi nasema yeye hakuwafikisha 108, asitupangie.

Siyo kwamba ninatetea kila kitu. RPG nyingi za miaka hii zinachanganya urefu na uzito. Unapewa ramani kubwa yenye alama elfu moja, nenda hapa okota majani, nenda pale ua mbwa mwitu watano, rudi kwa mwenye kijiji akupe hela ambayo huihitaji. Kule nako ni kusota, lakini hakuna mtu mwishoni mwake. Naacha gemu ya namna hiyo bila majuto, hata iwe imetumia mamilioni ya dola. Na muda ni muda: mwenye mke na mtoto mchanga hawezi kusota kama yule wa barazani Newala, na asijidanganye kwamba ataweza.

Kinachonikera zaidi ni uchache wa zetu. Kiro'o Games ya Yaoundé, Kameruni, walitoa Aurion: Legacy of the Kori-Odan mwaka 2016: mwana wa mfalme anapinduliwa siku ya kutawazwa kwake, anakwenda uhamishoni na mkewe, wanapigana pamoja, na nguvu zake anazipata kutoka kwa mababu. Mke si zawadi ya mwisho wa gemu, yupo vitani kuanzia mwanzo. Hapa kwetu kuna Kilwa Kisiwani na misikiti yake, kuna Mikindani, kuna Tendaguru ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kuanzia 1909 wakaipeleka Berlin, kuna vinyago vya mapiko vya Wamakonde. Vijana wanaojua kuandika programu wapo, nimekutana nao mjini hapa hapa. Wakianza, ningewaomba waachane na ramani kubwa. Watupe kijiji kimoja na watu saba, ila watu saba wanaokumbuka nilichowafanyia.

Na wewe unayetaka kuonja, usianze na ndefu. Tafuta Crisis Core kwanza, inakwenda vizuri hata kwenye simu ya kati, na stori kuu yake si ya miezi. Ile njia ya mkato ya PPSSPP, ya kurudisha gemu sekunde chache nyuma kila ukikosea, izime. Misheni za pembeni si lazima uzimalize zote, ila fanya nyingi kuliko unavyodhani unahitaji.

Gurudumu litakukera. Liache lizunguke.